Maji ya Kaa

Kabla ya msimu ule wa mvua, neno "kaa" lilikuwa na kazi mbili katika kijiji chetu. Lilimkaribisha mgeni kwenye kigoda, na lilitaja kipande cheusi kinachobaki mti ukishaungua. Maana ya tatu, yule mnyama mwenye gamba gumu na mikono ya koleo anayetembea kiubavu, ilikuwa kwenye kamusi yangu na kichwani mwa mganga wa zahanati, basi. Mnyama mwenyewe alikuwepo. Alijaa kwenye mashimo ya kingo za mto. Lakini aliishi kwa Kinyiramba, na hapakuwahi kutokea sababu ya kumtaja kwa Kiswahili. Hakuliwa, hakuuzwa, wala hakuingia kwenye taarifa yoyote ya kijiji.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao ya zamani wakapangwa kwa mistari chini ya mlima wa Sekenke, upande wa kuelekea Shelui. Nyumba nyingi zilikuwa bado fito tupu, na mwenye nyumba aliyekandika kuta zote nne alihesabiwa kuwa mtu wa maendeleo. Zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu. Mimi nilipelekwa pale kufundisha kisomo cha watu wazima. Darasa langu lilikutana alasiri, watu wakishatoka shamba la kijiji, ndani ya banda la kuhifadhia pamba ambalo kwa wakati huo halikuwa na pamba.

Mwanafunzi aliyekaa mbele kabisa alikuwa mfinyanzi, mama wa makamo ambaye watoto wake wakubwa walikwisha kuoa. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha wanawake wafinyanzi, na vyungu vyao vilikuwa kitu pekee ambacho kijiji kiliuza mara kwa mara barabarani Shelui. Aliishika chaki kama alivyolishika kombe la mtoni, gamba kali la chaza, analokwangulia vyungu: katikati ya gumba na vidole viwili, kwa nguvu. Chaki nyingi zilikatika. Nilipomwambia ailegeze kidogo alijibu, "Mwalimu, kitu usichokibana kinakutoka."

Kombe hilo hilo ndilo lililomkata. Chungu kiliteleza mapajani mwake, mkono ukafuata, na ukingo wa kombe ukaingia kwenye kiungo cha juu cha gumba la kulia. Alifunga kitambaa akaendelea kufinyanga, maana udongo uliokwisha kukandwa haungoji. Baada ya siku chache gumba lilivimba na kung'aa. Darasani watu waliokaa karibu naye walianza kusogea, kidogo kidogo, bila kusema. Kidonda kilinuka.

Nilikuwa zahanati kuomba vidonge vya kichwa siku mume wake alipomleta. Mganga wetu alikuwa mtu wa pwani ya kusini, mnene, mwenye sauti kubwa na imani kubwa katika maoni yake. Alikibonyeza kidonda, akanusa, akanawa mikono.

"Ningekuwa na sindano ningemchoma sasa hivi," alimwambia mume. "Sina. Dawa zimekwisha, na gari la dawa haliwezi kushuka Sekenke, mvua imekata barabara. Mpeleke Kiomboi hospitali. Kwa miguu mtapita."

"Kiomboi watakata," alisema mume.

"Watakata nini?"

"Kidole. Binamu yangu aliingia kule na vidole vitano, akatoka na vitatu."

"Binamu yako alikwenda amechelewa."

"Alikwenda Jumatatu."

Mfinyanzi alikuwa akitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Wakikata gumba," akauliza, "nitafinyanga kwa pua?"

Gumba ndilo linalofanya chungu. Vidole vinne vinashika nje, gumba linasukuma ndani, na unene wa ukuta unajulikana hapo katikati. Mama yule alijua unene wa chungu kama mpishi anavyojua chumvi. Wanawake wengine wa kikundi walikanda, walibeba udongo, walichoma. Mdomo wa chungu alifanya yeye.

Mganga alikuna kidevu. "Basi, wakati mnafikiri, fanyeni hivi. Ponda kaa, chuja maji yake, mpake asubuhi na jioni. Hiyo si dawa ya serikali, ni ya bibi yangu. Itazuia kuoza mpaka mwende Kiomboi au gari lije."

"Ponda kaa, chuja maji, paka asubuhi na jioni," mume alirudia, kama tulivyowafundisha kurudia darasani.

"Vizuri sana, ndugu."

Tuliondoka wote tumesikia maneno yale yale. Kila mmoja alikuwa amesikia lake.

Wiki iliyofuata mfinyanzi alirudi darasani mkono ukiwa mweusi. Nilidhani ni uchafu wa jikoni juu ya kitambaa. Jambo nililoliona zaidi ni kwamba watu walikuwa wamerudi kukaa karibu naye. Harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Mume wake aliliambia kila kundi la wanaume alilolikuta kwamba yule mtu wa pwani, pamoja na maneno yake mengi, anajua kazi. Jumamosi alimpelekea jogoo, nami nikaandamana nao kwa sababu nilitaka kuona kidonda kilichopona bila sindano.

Mganga alipokea jogoo, akashukuru, akafungua kitambaa.

"Hii nini?"

"Kaa," alisema mume.

"Kaa gani?"

"Kaa la mgunga. Nimechagua mwenyewe, nimeliponda na kulitia maji. Halina majivu mengi."

"Nilisema kaa!"

"Ndiyo. Kaa."

"Kaa wa mtoni! Mwenye miguu!"

Mume alimgeukia mke wake polepole. "Anasema kaa lina miguu."

"Nimesikia," alisema mfinyanzi. "Mpeni maji anywe, jua kali leo."

Mganga aliweka mikono yake miwili juu ya meza, akaipindisha vidole, akaitembeza kiubavu kutoka kwenye kopo la pamba mpaka kwenye mizani, huku akifungua na kufunga gumba na kidole cha shahada kama mkasi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Mume alitazama mpaka mwisho wa meza, kisha akalitaja lile jina la Kinyiramba na kutema mate mlangoni.

"Nge wa maji? Yule mdudu?"

"Si mdudu. Watu wanamla."

"Watu gani?"

"Watu wote."

"Wa pwani," alisema mume, kwa upole, kama anayemsamehe.

Mganga aliacha mabishano akabonyeza gumba. Juu kidonda kilikuwa kimekauka kama gome. Chini yake palibonyea kama chikichi lililoiva mno. Alisema usaha upo, umeingia ndani, na kwamba safari ya Kiomboi ni lazima. Mume alikataa. Hoja yake ilikuwa ya mfugaji, nayo haikuwa ya kipumbavu: ng'ombe mwenye kidonda hukaguliwa kwa pua. Kinachonuka kinaumwa, kisichonuka kimepona. Baba yake alitibu mifugo hivyo, na babu yake. "Kaa lako la moto limemponya," alisema. "Umepata jogoo. Mbona unakasirika?"

"Siyo kaa langu!"

Mfinyanzi alisikiliza pande zote mbili. Nilimwona anakunja mkono wa kushoto, gumba ndani, vidole nje, anaufungua, anaukunja tena. Alitaka kuamini pua ya mume wake. Kiomboi palikuwa na mkasi. Nyumbani hapakuwa na harufu.

Jumatatu mganga alileta ushahidi darasani. Alikuwa amekwenda mtoni mwenyewe na kurudi na kaa wakubwa ndani ya ndoo, suruali imelowa mpaka magotini. Aliweka bakuli jeupe la bati mezani, akamshika kaa mmoja, akakata mguu kwenye kiungo, na kuukamulia juu ya bakuli. Yakatoka matone ya maji.

Mzee mmoja wa safu ya nyuma alisema, "Hana damu huyo. Tulijua tangu zamani."

"Shikamoo mzee. Subiri."

"Marahaba. Nasubiri nini? Maji ni maji."

Tulisubiri. Katika bakuli jeupe yale matone yalianza kubadilika. Kwanza yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele, kisha yakashika rangi, buluu hafifu, kama nguo nyeupe iliyosuuzwa kwa buluu ya kufulia. Watu walisimama ili waone. Madawati yalianguka.

"Wino!" alisema mwanamke mmoja.

"Kumbe wino wa serikali wanaukamua huku," alisema mwingine. "Na sisi tunanunua dukani."

"Mwalimu, huyu kaa kasoma kuliko mimi."

Mganga alinyanyua mkono. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko kawaida yake. Alisema hiyo ndiyo damu ya kaa. Alisema kaa anaishi kwenye tope linalooza, anapigana humo, anakatika mguu humo, jeraha lake limo kwenye uchafu usiku na mchana, na haozi. "Wewe ukikatika kidole ukakiacha kwenye tope lile siku mbili, tutakuzika. Yeye anaota mguu mwingine. Kuna kitu kwenye damu hii. Bibi yangu hakukijua jina, na mimi sikijui. Lakini kipo."

Leo kitu hicho kina jina. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu protini inayobeba hewa ndani yake ina chuma. Ya kaa, na ya konokono pia, ina shaba mahali pa chuma, ndiyo maana hugeuka buluu ikikutana na hewa. Wataalamu wanaiita hemosayanini. Kazi yake ya kwanza ni kubeba hewa, lakini ina ya pili: ikiamshwa au ikikatwakatwa, vipande vyake vinaweza kushambulia bakteria na kutoboa ngozi zao. Kaa hana kinga inayojifunza kama ya kwetu, inayoukumbuka ugonjwa wa mwaka jana. Anategemea vitu kama hivyo, vilivyo tayari ndani ya damu tangu anaanguliwa. Mganga hakuwa na habari hizo. Pia hakuwa na njia ya kujua kama damu ile, ikitolewa kwa kaa wa mtoni na kupakwa kwenye kidole cha mtu, ingefanya kazi yoyote, au ingekipelekea kidonda uchafu mpya wa tope. Nayaandika haya ili ieleweke kwamba katika banda lile kila mtu alikuwa akikisia, hata aliyekaribia ukweli.

Aliyependekeza kujaribu alikuwa mfinyanzi. "Nyote mnaongea kwa mikono yenu mizima," alisema. "Wekeni nyama."

Alileta vijungu vitatu vidogo, vya ukubwa wa ngumi, vyenye vifuniko. Alivifinyanga kabla ya kuumia, na midomo yake ilikuwa laini kama ya vikombe vya dukani. Siku hiyo kulikuwa na mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya wageni wa wilaya, tukapewa vipande. Katika kijungu cha kwanza nyama iliwekwa kavu, bila kumwagiwa kitu. Katika cha pili ilimwagiwa maji ya kaa la mgunga, meusi, kwa mkono wa mume. Katika cha tatu mganga alikamua damu ya kaa hadi nyama ikafunikwa. Mimi nilipewa kuvitunza, kwa maelezo kwamba mwalimu hana upande. Nilivipanga juu ya boriti, mbali na mbwa.

Kila alasiri, kabla ya somo, vifuniko vilifunuliwa na watu wakapita kunusa. Somo la kusoma lilipata mahudhurio mazuri kuliko wakati wowote, hata watu wasiojiandikisha walikuja. Kijungu cha nyama kavu kilinuka mapema, kama ilivyotarajiwa. Cha damu ya kaa kilichelewa. Kilipoanza kunuka, kile cha kwanza kilikuwa tayari kina funza. Mganga alitembea kijijini siku ile amevaa shati jipya. Lakini kijungu cheusi hakikunuka. Kikafunuliwa tena kesho yake. Hakikunuka.

"Mwalimu, andika ubaoni!" mume alipiga kelele. "Kaa la moto limeshinda kaa wa miguu!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Yule mzee wa safu ya nyuma alimpa mganga pole kwa kumshika mkono, kama msibani. Mganga alisimama akitazama kijungu.

Mfinyanzi alisema, "Mimina."

Mume alimwaga maji meusi nje ya mlango. Nyama ikabaki chini ya kijungu. Mke wake akaingiza gumba lake la kushoto, lile zima, kama anavyopima ukuta wa chungu, akabonyeza. Nyama iliachana. Haikukatika, iliachana yenyewe, kama uji mzito unapopitishwa kidole. Akabonyeza tena mahali pengine. Kisha akatoa mkono, akanyoosha gumba puani, akanusa. Akamnyooshea mume wake. Naye akanusa.

"Hainuki," alisema mume.

"Hainuki," alisema mke. "Lakini imeoza."

Kicheko kilikwisha chenyewe. Aliuchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka kwenye paja, akabonyeza juu ya lile gome jeusi, taratibu, mahali pale pale mganga alipobonyeza. Uso wake ulibadilika kidogo sana. Nadhani aliyeona ni mimi na mume wake tu, kwa sababu tulikuwa karibu.

"Inaachana," akasema. Akasimama. "Twende Kiomboi."

"Watakata," mume alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Makaa yameficha harufu, hayakuzuia kitu. Wakate kinachoachana. Kilichobaki nitakibana." Kisha akamgeukia mganga. "Na wewe, kaa wako kachelewa kuoza tu. Naye kaoza."

"Kuchelewesha ndiyo kazi niliyosema, dada yangu."

"Basi nipake nichelewe, njia ni ndefu."

Waliondoka kesho yake alfajiri. Mganga aliliosha gumba kwa maji ya moto na chumvi, akaondoa gome, usaha ukatoka, harufu nayo ikarudi. Hapo hata mume alishukuru kuisikia. Akakamua kaa wa mwisho juu ya kidonda, akafunga kitambaa safi. Mume alikokota baiskeli, mke ameketi nyuma mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa khanga. Palipokatika barabara juu ya Sekenke aliteremka akapanda kwa miguu. Huko mbele walipata lori.

Niliyoyajua baadaye niliambiwa na wao wawili, na maelezo yao hayakutofautiana. Hospitali walimfungua, wakamsafisha, wakamchoma sindano kwa siku nyingi, wakakata pingili ya juu ya gumba. Ya chini ilibaki. Waliambiwa kwamba kama wangechelewa zaidi, mkono wenyewe ungekatwa. Mume aliuliza kuhusu damu ya kaa. Daktari alidhani amesikia vibaya, akamwomba arudie, kisha akaendelea na kazi yake. Kwa hiyo sijui ilisaidia au haikusaidia. Mganga alisema ilisaidia. Alisema hivyo mpaka alipohamishwa, na gari la dawa liliposhuka hatimaye alipokea maboksi yake ya sindano bila furaha niliyoitazamia.

Mfinyanzi alirudi mtama ukiwa unatoa maua. Mwanzoni hakufinyanga. Aliketi na kikundi, akaelekeza. Halafu siku moja nilipita nikamkuta na tonge la udongo, anajaribu, anavunja, anajaribu. Gumba fupi halikufika chini ya mdomo wa chungu. Kila liliposukuma, kifundo kiliacha kishimo badala ya ukingo laini. Alifuta vishimo hivyo kwa kitambaa chenye maji, vikarudi. Wanawake wenzake wakajitolea kumfanyia midomo. Akawakatalia. Mwishowe aliacha kuvifuta, akaanza kuvipanga, kimoja baada ya kingine kuzunguka mdomo mzima, vikielekea upande, mfano wa nyayo za kitu kinachotembea kiubavu juu ya tope.

Vyungu hivyo vilitambulika haraka Shelui. Mara ya mwisho kumwona akiuza, nilikuwa nimekwenda kungoja basi. Alikuwa ameketi kando ya barabara kati ya wauza viazi, vyungu vyake vimepangwa juu ya majani, kigoda kitupu pembeni. Utingo wa lori, kijana aliyejaa vumbi, aliinama akapitisha kidole kwenye vile vishimo.

"Mama, hii alama gani?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo ni kaa."

Utingo alikigeuza chungu, akachungulia ndani, akachungulia chini. "Mbona sioni weusi?"

"Kaa," alisema mfinyanzi.

Utingo akavuta kigoda, akaketi kusubiri maelezo. Mfinyanzi alikuwa tayari anamfungia mteja mwingine chungu chake kwa majani, gumba fupi limebana kamba, vidole viwili vinakaza fundo.